Maswali ya Wasomaji: Tangi la Matumbawe la Futi Sita, Nianze Kununua Nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Nyali hapa Mombasa, nina katangi kadogo ka maji chumvi ka lita 90, samaki klauni wawili na matumbawe laini kidogo, kanaenda poa tu. Sasa nimepata nafasi sebuleni nataka nipande daraja, futi sita kwa mbili kwa mbili, niweke matumbawe magumu na samaki kangaja wale wa bluu. Shida kila ninayemuuliza ana lake, huyu anasema weka hela kwenye taa, yule anasema skima kubwa ya kutoa uchafu ndo kila kitu, mwingine anataka aniuzie seti nzima leo leo. Bajeti ipo lakini si ya kuchezea. Wapi nisibane na wapi nibane?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Wote waliokushauri wana ukweli kidogo ila wanaongea habari ya tangi likiwa zima, stima ipo, pampu inazunguka, kila kitu kinang'aa. We nenda dukani na swali lingine kabisa: hiki kitu kikifa saa nane usiku nikiwa nimelala, asubuhi nitakuta nini? Maana kwenye tangi kubwa vifaa vitakufa tu, ni suala la lini, na tofauti ya kifaa kizuri na kibaya mara nyingi si nguvu yake, ni namna kinavyokufa.

Tuanzie chini. Futi sita kwa mbili kwa mbili kwa hesabu ya karatasi ni kama lita 680, ukitoa unene wa kioo, mawe, mchanga na ile nafasi ya juu unabaki na maji 580 hivi, ongeza lita 120 za sampu (lile tangi la pili linalokaa ndani ya kabati), jumla lita 700. Sasa piga hesabu, maji peke yake kilo mia saba na ushee, kioo cha milimita 15 kinafika kilo 150, mawe, mchanga, stendi ya chuma, hapo ushapita tani moja. Kama sebule iko chini juu ya zege la ardhini sawa, kama ni ghorofani usinisikilize mimi wala fundi wa vioo, ita injinia wa majengo aje aangalie mihimili inapita wapi. Na stendi iwe sawa kabisa kwa pima maji, kioo hakipendi kupindwa.

Kioo chenyewe usibane hela, na usikubali tangi lisilo na matundu ya kuteremshia maji eti utatumia ule mdomo wa kuning'iniza wa kunyonya kwa sifoni. Huo stima ikikatika na kurudi sifoni inaweza isishike tena, pampu ya chini inaendelea kupandisha maji, juu hayana pa kutokea, asubuhi unapiga deki sebule nzima. Tangi litobolewe, na mabomba ya kuteremka yawe angalau mawili, bora matatu. La kwanza linabeba maji yote kwa kujaa kabisa na unalidhibiti kwa koki ya geti, ile ya kuzungusha polepole, si ile ya mpini wa robo duara. La pili linachuruzika kidogo tu. La tatu halina maji kabisa, liko pale kwa siku konokono atakapoingia kwenye la kwanza, na ataingia. Faida nyingine ni kelele, bomba likijaa bila hewa halilii kabisa.

Halafu kuna lile bomba la kupandisha. Pampu ikizimika maji yanarudi nyuma kupitia bomba hilohilo mpaka mdomo wake utoke juu ya maji. Kwenye tangi lako kila sentimita moja ya kimo ni lita 11, ikishuka sentimita tatu ni lita 33, pamoja na yaliyoko ndani ya mabomba, zote hizo zinatua kwenye sampu. Kwa hiyo sampu isijazwe mpaka juu, iache nafasi. Wengi wanatoboa katundu kadogo karibu na mdomo wa bomba ili livute hewa na kukata sifoni, ni sawa, ila kale katundu kanazibwa na mwani na konokono kila mara, usikategemee peke yake. Siku ya kujaza maji, kabla hujaweka hata samaki mmoja, chomoa plagi ya pampu ukiwa umesimama hapo, angalia sampu inajaa mpaka wapi, piga mstari kwa maka peni. Chomeka tena, chomoa tena. Ukiona linakaribia kumwagika, punguza maji sasa, si baadaye.

Pampu ya kupandisha: usidanganywe na namba ya kwenye boksi. Imeandikwa lita 6,000 kwa saa, hiyo ni ikisukuma bila kupanda popote. Ukiinua maji mita moja na nusu na kupita kona tatu za PVC unaweza kupata nusu yake, ndo maana kuna grafu pembeni mwa boksi, soma ile. We unahitaji tangi lizunguke mara tatu mpaka tano kwa saa, yaani lita 2,000 hadi 3,000 zinazofika juu kweli, zaidi ya hapo ni kelele na bili. Chukua ya DC (umeme kama wa betri) inayopunguzika spidi, na ukiweza weka ya akiba kabatini.

Mwendo wa maji ambao matumbawe yanautaka hautoki kwa pampu hiyo, unatoka kwa pampu za mkondo zile za propela zinazoshikwa na sumaku kwenye kioo. Kwa matumbawe magumu watu wanalenga ujazo wa tangi mara ishirini hadi arobaini kwa saa, we ni lita 12,000 mpaka 24,000 kwa jumla. Sasa usinunue moja kubwa ya kufika namba hiyo! Nunua mbili au tatu za wastani, kona tofauti, zipishane. Moja ikifa bado maji yanatembea. Hapa ndo ningeweka hela kabla ya taa, kwa sababu tumbawe lenye taa kali kwenye maji yaliyosimama linaota uchafu na kufa, lakini lenye mwendo mzuri na taa ya kawaida linakaa tu, linakua polepole basi.

Skima je? Ile ni mashine ya kutengeneza povu la vipovu vidogo sana, uchafu wa protini unaganda kwenye vipovu, unapanda mpaka kwenye kikombe cha juu, unatoka uji wa kahawia unaonuka vibaya mno (mkeo atakuuliza). Ni muhimu ila haina haja iwe jitu. Namba za watengenezaji hazina kipimo kimoja, skima ileile imeandikwa lita 1,000 kwa samaki wachache, lita 500 kwa samaki wengi, ikiwa na samaki wachache sana kwa ukubwa wake haitoi povu la maana. Kwa lita 700 na samaki kumi na kidogo chukua iliyoandikiwa kama lita 800 mpaka 1,000, na hakikisha sampu ina chumba ambacho kimo cha maji hakibadiliki, kwa sababu skima nyingi zimetengenezwa kusimama kwenye maji ya kimo fulani, sentimita 20 hivi, kikipanda kikombe kinafurika, kikishuka hakitoi kitu.

Joto sasa. Hili kwa mtu wa Mombasa ndo adui namba moja na wauzaji wengi hawalisemi kwa sababu vitabu vyao vimeandikwa na watu wa baridi. We unataka maji ya nyuzi 25 mpaka 27, hata 28 sawa, ila mwezi wa pili na wa tatu sebule isiyo na eisi inakaa 31, 32, na pampu na taa zinaongeza. Matumbawe ya mwambao huu yalikufa kwa wingi mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, na ile ni bahari nzima, sembuse boksi lako. Njia ya bei rahisi ni feni zinazopuliza juu ya maji. Hesabu yake nzuri: lita moja ya maji ikikauka inaondoa joto la kutosha kushusha lita 600 kwa kama nyuzi moja. Ila feni inategemea hewa kavu, na pwani wakati wa masika hewa ishashiba maji, feni inazunguka tu. Kwa hiyo kwa tangi hili nunua chila (mashine ya kupoza maji), theluthi moja ya hospawa hivi, na usiifungie ndani ya kabati maana joto inalotoa kwenye maji inalitema hapohapo, itajipikia yenyewe. Iweke nje ya kabati penye hewa, au ipitishe ukuta. Feni ziache kama msaidizi, siku chila ikifa zitakupa muda wa kumtafuta fundi wa friji. Hita huna haja nayo Nyali.

Taa: LED tatu za kuning'iniza kwa futi sita zinatosha, zinazopunguzika, masaa nane mpaka kumi kwa siku. Metal halaidi zinapendeza kweli, ule mng'aro wa jua ukicheza mchangani, lakini kwa joto lako hapana. Matumbawe laini yanaishi na mwanga wa PAR (kipimo cha mwanga unaofaa usanisinuru) 50 mpaka 150, yale magumu ya matawi yanataka 200 mpaka 350. We utaanza na laini, huwezi kuanza na magumu kwenye tangi jipya, kwa hiyo unaweza kununua taa mbili sasa na ya tatu mwakani. Ona, hapo ndo pa kubana.

Na kale kamashine ka kuongeza maji yanayokauka. Sensa yake ina tabia ya kuganda ikiwa imewaka, na hapo inamwaga maji baridi (yasiyo na chumvi) yote uliyoiwekea. Wengine wanaiunga moja kwa moja na bomba la nyumba, Mungu awasaidie. We mpe dumu la lita 20 tu. Likimwagika lote kwa mpigo chumvi inatoka sehemu 35 kwa elfu inafika 34, hakuna atakayekufa. Ni usumbufu kujaza dumu kila siku mbili tatu, lakini udogo wa dumu ndo ulinzi wenyewe.

Stima ya mwezi, kabla hujasaini chochote: pampu, mikondo na skima ni kama wati 135 usiku na mchana, hiyo ni uniti 3 na kitu kwa siku, taa tatu karibu 3 au 4, chila siku za joto nyingine 3 hivi. Weka uniti 10 kwa siku, 300 kwa mwezi, uzidishe mwenyewe kwa bei ya tokeni zako. Kama hesabu hiyo inauma, punguza tangi sasa, futi nne halina aibu.

Stima ikipotea kinachoua kwanza si giza wala joto, ni hewa. Maji ya moto na ya chumvi yanabeba oksijeni kidogo, samaki wakubwa wanaanza kuhema juu ndani ya masaa machache. Kwa hiyo kwenye betri unganisha pampu moja ya mkondo, elekeza juu ipasue uso wa maji, basi. Usiweke chila, usiweke taa, hata ile ya kupandisha acha ilale. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 ukiitumia nusu tu inaendesha wati 30 kwa masaa 16 na zaidi hata ukitoa inacholiwa na inveta. Na soketi zote za tangi zipite kwenye breka ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na kila waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Ekstensheni sakafuni chini ya tangi, hapana, hapana kabisa.

SWALI: Mambo fundi, nasoma kila toleo. Naishi Kigamboni, bahari naiona dirishani. Nina tangi la lita 400 najenga, jamaa ananiambia ninunue mashine ya RO/DI ya kusafisha maji na chumvi ya ndoo. Kwa nini ninunue chumvi na maji ya bahari yapo bure? Na mawe na matumbawe si nachota tu?

JIBU: Poa kaka. Hayo ni maji mawili tofauti, usiyachanganye. Maji ya kubadilisha kila wiki unaweza kuyachota baharini, wala si dhambi, na unaokoa, maana chumvi ya ndoo inakula kama gramu 36 hadi 38 kwa lita, lita 40 za wiki ni kilo moja na nusu. Ila chota maji yakiwa yamejaa, wakati wa bamvu ni bora zaidi, upande wa bahari kuu, mbali na mkondo wa bandari na mbali na mdomo wa mto wowote, Msimbazi usiufikirie hata. Usichote karibu na boti zilipotia nanga, rangi za chini ya boti nyingi zina shaba na shaba inaua konokono, uduvi na matumbawe hata ikiwa chembe. Masika yakipiga acha kabisa wiki kadhaa, hapo nunua chumvi. Ukifika nyumbani chuja kwa kitambaa kizito, weka kwenye pipa lenye kifuniko gizani na pampu ndani siku kadhaa, pima chumvi kwa rifraktomita, iwe 35.

Maji ya kufidia yanayokauka ni habari nyingine. Maji yakikauka chumvi inabaki, kwa hiyo unarudisha maji baridi matupu, ukirudisha ya bahari kila siku chumvi inapanda mpaka matumbawe yanajifunga. Na maji ya bomba au kisima yana klorini, fosfeti, silika, madini ya kila aina, yote yanajikusanya tangini miezi na miezi, mwani unakula kuta. Hapo ndo RO/DI inapoingia. Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hatakwambia: ile membreni (utando wa kuchujia) inataka presha ya kama bar tatu na nusu mpaka nne. Tangi lako juu ya mnara wa mita tano linatoa nusu bar tu, mita kumi ni bar moja. Ukiunganisha hivyo utapata matone, na maji machafu yanayotupwa yatazidi mno. Nunua na pampu ndogo ya kuongeza presha, mara nyingi inauzwa kando. Maji yanayotupwa, lita tatu au nne kwa kila moja safi, yaelekeze kwenye pipa la kufulia. Kama ni kisima chenye chumvichumvi usimwagilie mchicha.

Mawe na matumbawe, hapana. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari, huchukui hata kipande, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), yaani hata kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, vyenye karatasi. Mawe tumia makavu, hata lile jiwe la matumbawe la zamani linalochimbwa nchi kavu kwa kujengea linafaa, lisiwe na saruji wala rangi, liloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji, upime fosfeti mpaka itulie. Halafu subiri sumu za tangi jipya zipite: amonia ipande, ishuke, naitraiti ipande, ishuke, ndo uweke samaki.

SWALI: Hujambo. Mimi ni wa Nairobi, tangi langu ni lita 500. Hita moja ya wati 500 au mbili? Na nimesikia huku juu samaki wanakosa hewa, ni kweli ama ni stori?

JIBU: Sijambo dada. Mbili za wati 200 au 250, bila kufikiri mara mbili. Hita zina njia mbili za kufa, inakataa kuwaka au inakataa kuzima, na ya pili ndo inayochemsha supu. Ikiganda ndogo moja haiwezi kupandisha lita 500 haraka, unapata muda wa kuona. Ikifa moja usiku wa Julai nyingine inashikilia. Ziunge kwenye kidhibiti joto cha nje, na thermostati ya kila hita iwekwe nyuzi kidogo zaidi ya kile kidhibiti, tuseme kidhibiti 26 na hita 27.

Hewa si stori. Nairobi iko juu kama mita 1,700 na presha ya hewa ni karibu asilimia 18 chini ya Mombasa, kwa hiyo maji yanashika oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Samaki wanaishi vizuri tu, ila weka wachache kuliko kitabu kinavyosema, usifunike tangi kwa kioo kizima, weka wavu, na pampu moja ipasue uso wa maji muda wote. Skima kwako ina kazi mbili, maana inaingiza hewa pia.

SWALI: Habari za huko. Niko Columbus, Ohio, nauza tangi langu narudi Tanga mwakani. Nina skima, pampu, taa za LED, chila, vyote vizuri. Nivifunge kwenye kontena au niuze hapahapa?

JIBU: Nzuri, karibu nyumbani. Kaa chini na kila kifaa usome kibandiko cha umeme. Kikiwa na adapta iliyoandikwa 100-240V, 50/60Hz, funga, ni kubadilisha plagi tu. Pampu nyingi za DC na taa nyingi za LED ziko hivyo. Kikiwa kimeandikwa 120V 60Hz tu, mara nyingi hiyo ni injini ya AC (spidi yake inafuata mzunguko wa umeme, ile Hz) na hapo usidanganywe na transfoma. Transfoma inashusha volti 230 kuwa 120 sawa, lakini haibadilishi mzunguko, na nyumbani ni 50Hz. Pampu ya aina hiyo itazunguka kwa tano kwa sita ya spidi yake, ukipandisha maji utaona tofauti, na skima ndo itakuwa mbovu kabisa maana vipovu vinategemea spidi ya lile propela. Chila ya 60Hz iuze hukohuko, kompresa na gesi yake ni mzigo mzito na fundi wa Tanga atahangaika na spea.

Vya kubeba hata ukilazimika kuacha nguo: membreni za RO na katriji za DI, vipimo vya alkalini, kalsiamu na magnesiamu (angalia tarehe ya kuisha), rifraktomita na kale kachupa ka maji ya kuirekebishia, propela na shafti za akiba za kila pampu unayokuja nayo. Hizo shafti hasa. Ni vijiti vya seramiki vyembamba, vinavunjika ukisafisha kwa haraka, bei yake ndogo tu lakini ukiikosa pampu nzima inakaa kabatini ikisubiri mtu anayesafiri.